LMO24 ya Siemens: kontrola ya bana inayosingiziwa kila siku

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aendelee na shughuli zake: hii kontrola ya Siemens, LMO24, ni nzuri, naipenda, na kama una bana (kile kichomeo kinachowasha moto wa boila) ya dizeli ya hatua mbili, yaani moto mdogo kisha mkubwa, ya ukubwa wa kawaida sioni sababu ya kuhangaika na nyingine. Ila mara nyingi nikiitwa naikuta imeshang'olewa imewekwa pembeni eti imekufa, kumbe nzima kabisa. Sijaona kifaa kwenye chumba cha boila kinachosingiziwa kama hiki. Bana haiwaki, taa nyekundu inawaka kwenye kisanduku, basi mtu anaona mwenye makosa ni huyo mwenye taa, wakati taa yenyewe ndo inajaribu kukwambia ukaangalie wapi.

Kwa asiyeijua, ni kile kisanduku kidogo kinachokaa kwenye mwili wa bana, kimechomekwa juu ya besi yenye terminali za waya, na katikati kuna kitufe kimoja chenye taa ndani yake. Hicho kitufe kimoja kinafanya kila kitu. Kazi yake ni kusimamia mpangilio: termostati ikiomba joto feni inaanza kuzunguka na cheche zinaanza, hewa inapulizwa kwanza kusafisha chemba ya moto isije ikawa na mvuke wa mafuta uliobaki, halafu valvu ya kwanza ya mafuta inafunguka na hapo saa ya usalama inaanza kuhesabu. Zisipite sekunde 10 moto haujaonekana. Ukionekana, baadae kidogo hatua ya pili inaruhusiwa, usipoonekana inakata mafuta na kufunga, taa inabaki nyekundu tuli na hakuna kitu kitaendelea mpaka mtu abonyeze riseti, yaani kitufe kile kile, kuianzisha upya.

Sasa hapo kwenye taa ndo utamu wenyewe. Kabla hata haijafunga, ile taa inaongea wakati wote na ni wachache sana wanaoiangalia. Njano tuli maana yake inasubiri hita ya mafuta ipashe, njano ya kuwaka na kuzima iko kwenye hatua ya kuwasha, kijani tuli moto upo na uko vizuri. Kijani inayowaka na kuzima ndo ile ambayo ningeomba kila mwenye boila aijue, maana bana inaunguruma, maji yanapata moto, kila mtu ana furaha, lakini kontrola inasema jamani huu moto nauona kwa shida. Ni onyo la mapema. Ukiiona leo ukafungua ukafuta fotoseli, lile jicho linalotazama moto, umejiokolea simu ya usiku. Kuna pia njano na nyekundu zikipokezana, hiyo ni umeme mdogo, usianze kufungua nozeli (kitundu kinachopulizia mafuta) wakati volti ndo zimeshuka. Na kijani na nyekundu zikipokezana, inaona mwanga kabla haijaruhusu mafuta, hiyo ntairudia chini.

Ikishafunga, taa nyekundu tuli, watu wanafanya kosa lile lile, wanakimbilia kubonyeza. Subiri. Bonyeza kitufe na ukishikilie zaidi ya sekunde 3, uachie. Taa nyekundu itaanza kupepesa, inapepesa, inanyamaza kidogo, inarudia. Hesabu mipepeso kati ya kunyamaza na kunyamaza, na usiamini hesabu ya kwanza kwa sababu mara nyingi umeanza kuhesabu katikati, iache irudie uhakikishe. Wakati inapepesa bana haitawaka, kwa hiyo una muda wote wa kuandika namba hiyo kwenye karatasi. Ukimaliza, riseti yenyewe ni kubonyeza kifupi, kama sekunde 1 hivi, chini ya 3. Hiyo tofauti ya kubonyeza kifupi na kirefu ndo tofauti kati ya kujua tatizo na kulifuta, sababu ukibonyeza kifupi kwanza unakuwa umeshafuta ushahidi, halafu unampigia fundi simu unamwambia "ilikuwa nyekundu". Yote huwa nyekundu ndugu yangu.

Mipepeso 2 ndo mfalme wa zote. Maana yake muda wa usalama umeisha na moto haujathibitishwa. Angalia nilivyosema, haujathibitishwa, sijasema haukuwaka. Kontrola haina macho, ina fotoseli, na inachojua ni kile tu fotoseli inachoiletea. Kwa hiyo namba 2 inaweza kuwa hakuna mafuta, hakuna cheche, hewa imepangwa vibaya, au moto upo mkubwa tu lakini fotoseli imejaa masizi. Namba inakwambia mlango wa kuingilia, kutafuta ndani ya chumba ni kazi yako.

Njia yangu ya kugawanya ni rahisi na haihitaji mita. Riseti mara moja, simama kwenye kioo cha kuchungulia, angalia na usikilize kuanzia feni inapoanza. Moto umewaka vizuri halafu umekatwa kwenye zile sekunde 10? Basi mafuta na cheche ni wazima, acha kuvigusa, shida iko upande wa kuona. Hakuna moto ila unaona ukungu mweupe na harufu ya dizeli mbichi? Mafuta yanafika, cheche ndo hakuna, nenda kwenye elektrodi (ncha zinazorusha cheche), nyaya zake na transfoma, na chunguza kauri ya elektrodi kwa sababu ufa mwembamba kama unywele unatosha cheche kutorokea kwenye chuma badala ya kuruka pale mbele. Hakuna moto, hakuna ukungu, hakuna harufu? Sikiliza kama solenoidi, sumaku ya umeme inayofungua valvu, inagonga "tak" pale valvu inapotakiwa kufunguka. Ikigonga na bado hakuna kitu, tazama geji ya pampu. Geji iko sifuri na mota inazunguka, mara nyingi ni ile kaplingi (kiungio) ndogo ya plastiki kati ya mota na pampu imekatika, kitu kidogo sana na kinadanganya watu wengi maana mota inalia kama kawaida. Au filta imeziba, au valvu ya tanki mtu kaifunga baada ya kujaza mafuta akasahau.

Kwenye ule upande wa kuona, kuna sehemu moja ya kufulia nguo nilikuta kontrola mpya imeshanunuliwa na kufungwa na bado mipepeso ni 2 ile ile. Moto unawaka wa njano safi, sekunde zinaisha, unakatwa. Fotoseli imetolewa imefutwa, ni safi inang'aa. Tatizo likawa ilikuwa imezunguka kwenye kishikio chake, jicho linatazama ukuta wa bomba badala ya moto. Tukaigeuza kidogo tu, taa ikaenda kijani tuli. Ile kontrola "mbovu" ya zamani tuliirudisha kujaribu, ikafanya kazi bila shida yoyote, na sasa wana akiba kabatini ambayo hawakuwa wanaihitaji.

Kama una mita inayosoma maikroampea unaweza kuacha kubahatisha kabisa. Na fotoseli ya QRB1, mkondo wakati moto uko unatakiwa usipungue maikroampea 45, na ikiwa gizani usizidi 5.5. Mita inaungwa kwa mfululizo na fotoseli, sio sambamba. Ukisoma 50 leo usifurahi sana, uko ukingoni, masizi kidogo tu mwezi ujao utakuwa chini. Na jambo lingine, QRB1 ni ya moto wa njano. Bana zinazounguza kwa moto wa bluu zinatumia jicho aina nyingine, QRC1, kwa hiyo ukikuta mtu kabadilisha fotoseli kwa sababu "zinafanana" halafu mipepeso 2 haiishi, ndo hapo.

Mipepeso 4 ni mwanga usiotakiwa wakati wa kuanza. Kontrola inataka kuona giza kabla ya mafuta kufunguliwa, na ina haki, maana kama fotoseli inaona mwanga wakati hakuna moto basi itaona "moto" hata moto ukizimika na itaacha mafuta yamwagike. Sababu ya kuchekesha ni fundi mwenye tochi anayemulika ndani ya bana iliyofunguliwa, au kioo cha kuchungulia kinachopigwa na jua moja kwa moja. Sababu isiyochekesha ni valvu ya mafuta isiyofunga vizuri, mafuta yanavuja kwenye nozeli na kuendelea kuungua baada ya bana kuzima. Hiyo usiichezee. Ukipata 4, toa fotoseli, ifunike kabisa kwa kiganja, jaribu tena: kama 4 haijarudi na sasa umepata 2 (ambayo ndo inayotegemewa, giza tupu si moto) basi fotoseli na waya wake wako sawa na mwanga ni wa kweli, katafute unatoka wapi. Kama 4 imerudi hata gizani, fotoseli au waya wake una hitilafu.

Mipepeso 7 ni moto kupotea mara nyingi wakati bana tayari inafanya kazi. Hii ni tofauti na 2 ingawa watu wanazichanganya. Kwenye 7 moto uliwaka, ukathibitishwa, halafu ukapotea, ikaanza upya, ukapotea tena. Mimi hapo nafikiria hewa kwenye laini ya mafuta kwanza, vipovu vinavyoingia kwenye kiunganishi kilicholegea upande wa kunyonya, maana upande huo hauvuji nje, unanyonya hewa ndani na huoni hata tone la dizeli sakafuni. Halafu mpangilio wa hewa, moto unasukumwa mbali mpaka unang'oka. Halafu maji kwenye tanki.

Nyingine nazipitia haraka. Mipepeso 8 inahusu hita ya mafuta, imepita muda haijatoa ruhusa, kama bana yako haina hita hutaiona. Mipepeso 10 ni waya au hitilafu ya ndani au kontakti za kutoa umeme, na hii ndo namba pekee ambayo naanza kuishuku kontrola yenyewe, na hata hapo nakaza kwanza skrubu zote za besi na kuangalia kutu kwenye miguu ya kontrola inayochomekwa kwenye besi. Pia naangalia nyaya za cheche zimepitishwa wapi. Zile ni volti elfu kadhaa, ukizifunga kwa kamba pamoja na waya wa fotoseli ili "zipendeze" unajitengenezea vituko visivyoeleweka. Watengenezaji wenyewe wanasema zipite peke yake, mbali na nyaya nyingine na mbali na kontrola. Waya wa kupendeza sio waya sahihi kila mara.

Kuhusu riseti nataka niwe mkali kidogo. Kila unapobonyeza riseti kwenye tatizo la cheche unapulizia mafuta ndani kwa hadi sekunde 10 bila kuyaunguza. Chukua bana inayotumia kilo 18 za dizeli kwa saa, hiyo ni gramu 5 kwa sekunde, kwa hiyo jaribio moja ni gramu 50 za dizeli zimekaa kwenye chemba ya moto. Bonyeza mara 5, una robo kilo ya dizeli kwenye kuta za moto, zinageuka mvuke, na jaribio la 6 cheche ikikubali utausikia mlipuko kwenye mlango wa boila. Mimi mara mbili ndo mwisho, ya kwanza kuangalia na ya pili kuhakikisha, baada ya hapo bana inazimwa, inafunguliwa, chemba inakaguliwa. Na yule anayechomoa fotoseli na kuimulika tochi ili kontrola "idhani" kuna moto, huyo hatengenezi bana, anaondoa kitu pekee kinachomzuia asiungue. Kosa hilo silisamehi hata kwa mwanafunzi.

Kwa kulinganisha na za zamani. Iliyotangulia, LOA24, inakaa kwenye besi ile ile, kwa hiyo kubadilisha ni rahisi, lakini LOA haikuwa na mipepeso, ilikuwa nyekundu basi, na ikishafunga ulisubiri karibu dakika nzima ipoe ndo ikubali riseti. LMO24 inakubali papo hapo, ambayo ni raha kwa fundi na ni hatari kwa mwenye vidole vya haraka. Huko juu kwenye boila kubwa kulikuwa na LFL1, na hapo naomba niseme jambo ambalo vijana watanicheka: ile LFL ilikuwa na sahani inayozunguka yenye alama, na ikifunga sahani inasimama pale pale kosa lilipotokea. Alama ya P ni presha ya hewa, 1 ni moto haukuonekana mwisho wa muda wa kwanza wa usalama, na kadhalika. Ukifika hata umeme umekatika unachungulia kwenye dirisha lake unasoma. LMO24 bila umeme ni bubu. Kwa hilo peke yake mzee LFL bado ananishinda moyo.

Na ukipanda kwenye mifumo ya elektroniki mikubwa kama LMV, skrini inakuandikia Loc (yaani imefunga) na namba, na kitu kizuri ni kwamba lugha imefanana: Loc 2 ni moto haukuthibitishwa, Loc 4 ni mwanga usiotakiwa, Loc 7 ni moto umepotea. Aliyejifunza kuhesabu mipepeso kwenye kisanduku kidogo hapotei akikutana na mkubwa.

Nisichokipenda kwenye LMO24: haina kumbukumbu unayoweza kuisoma kwa macho zaidi ya kosa la sasa. Ukifuta, kwa mipepeso imeondoka. Kuna adapta ya kuunganisha na kompyuta kupitia kitufe hicho hicho (ukishikilia tena zaidi ya sekunde 3 ikiwa inapepesa, taa inaanza kumetameta haraka, hapo iko tayari kuongea na adapta), ila nani anatembea nayo kwenye mkoba wa spana? Na jedwali la mipepeso lilitakiwa libandikwe juu ya kisanduku chenyewe. Badala yake liko kwenye karatasi iliyokuja kwenye boksi, na karatasi hiyo ndo kitu cha kwanza kutupwa. Mimi naandika kwa maka peni ndani ya kifuniko cha bana: 2 moto, 4 mwanga, 7 moto kupotea, 8 hita, 10 waya. Inatosha.

Ukitaka kununua, soma jina lote mpaka herufi za mwisho. LMO14 ni ya hatua moja, LMO24 hatua mbili, na zote hizo ni za bana zisizozidi kilo 30 za mafuta kwa saa, juu ya hapo kuna LMO44. Namba zinazofuata baada ya nukta zinabadilisha muda wa kupuliza hewa na mambo mengine, kwa hiyo "LMO24" peke yake sio jibu, mpe muuzaji picha ya lebo.

Umri pia. Siemens wanasema imeundwa kwa mizunguko 250,000 ya kuwasha, ambayo kwa matumizi ya kawaida ya kupasha joto wanaikadiria ni kama miaka 10. Lakini pigeni hesabu wenyewe: boila ambalo termostati yake imewekwa vibaya, linawaka na kuzima kila dakika 5 usiku na mchana, hiyo ni mara 288 kwa siku, mizunguko yote inaisha ndani ya miaka miwili na nusu hata haijafika. Halafu tunasema vifaa vya siku hizi havidumu. Kwa sababu hiyo hiyo sinunui iliyotumika, huwezi kujua imeshawasha mara ngapi, nje inaweza kuwa mpya kabisa.

La mwisho, hii ni ya kazi ya kuwaka na kuzima, sio ya kuwaka bila kukoma. Inatakiwa izimwe kwa utaratibu angalau mara moja kila saa 24, kwa sababu inajipima ikiwa inaanza upya, ndo wakati inahakikisha fotoseli inaona giza ikiwa giza. Kama una tanuru au drayeri inayounguza siku tatu mfululizo, hii usiifunge hata kama umepewa bure, tafuta kontrola ya kazi mfululizo na jicho lake.